Barua ya wazi kwa wenye tamthilia: aliyebaki na mama sio mchawi

Kwa wakuu wa vituo vya runinga, maprodyuza, waongozaji, nyie mnaokaa mkaandika skripti, pamoja na Bodi ya Filamu ambao kazi yenu ipo kisheria toka mwaka 1976. Asalaam aleykum, Bwana asifiwe, poleni na majukumu.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Mtoni kwa Azizi Ali hapa Temeke, nashonea barazani kwenye nyumba aliyotuachia mama. Tivii ipo sebuleni, nimeigeuzia dirishani ili nikiwa kwenye mashine niione, ila ukweli tamthilia zenu nazisikia zaidi kuliko kuziona maana macho yanakuwa kwenye sindano. Sauti za waigizaji wenu nazijua zote. Kifurushi nalipia mwenyewe kwa hela ya kushona na wateja wangu wanajua ikifika saa ya tamthilia vipimo vinasubiri, kwa hiyo msije mkasema huyu ni wa wale wanaodharau kazi za nyumbani. Sidharau. Naandika kwa sababu naumia.

Naumia kwa ajili ya yule dada mkubwa.

Mnamjua, maana yupo karibu kila tamthilia ya familia, mnambadilisha jina tu na wigi. Ni yule aliyebaki nyumbani na mzazi. Mdogo wake kaenda kusoma, au kaolewa mbali, au yupo nje huko, siku anarudi na sanduku la magurudumu na gauni jeupe ndo tunajua steringi kafika. Na yule aliyebaki mmeshamchora nyusi, mmeshamwekea ule muziki wa kutisha, baada ya episodi tatu nne atakamatwa anamtilia mama dawa kwenye uji ili asaini karatasi za nyumba. Ya mwaka huu ilikuwa hivyo hivyo. Akazabwa kibao mbele ya waombolezaji, mdogo mtu analia, turubai zima kimya, na kwangu hapa wapangaji walipiga makofi kabisa.

Siku hiyo shangazi yangu alikuwa amekuja kututembelea, mtu mzima, namheshimu, alikuwa amekaa mkekani. Akageuka akanitazama pale dirishani akasema, wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anavyosema mvua inakuja, "Ndo walivyo hao wanaobaki na wazee." Mi nikaendelea kukanyaga mashine. Nilikuwa napiga pindo la dera la mtu na lile pindo likaenda upande, nikaja kulifumua lote usiku. Kesho yake kwenye grupu la WhatsApp la familia binamu mmoja akaniita kwa jina la yule dada wa kwenye tamthilia, wakacheka, na mpaka leo ndo jina langu humo. Sitalitaja hapa maana sitaki lizidi kuninata.

Sasa nisikilizeni. Mama alipata kiharusi mwaka 2012, upande wa kulia wote ukalala na maneno yakawa yanatoka nusunusu. Tupo watatu. Kaka mkubwa yupo Mwanza kikazi, mdogo wetu wa kike, mziwanda, alikuwa chuo, akamaliza akapata nafasi ya kwenda nje akaenda, mi wa katikati niliishia fomu foo, nilikuwa nimepanga chumba Tandika na mashine yangu. Hakukuwa na kikao. Hili naomba mlishike sana nyie waandishi, hakuna siku tulikaa kama familia tukaamua nani anabaki na mama. Nilikuja kwa wiki mbili mpaka atafutwe dada wa kazi. Nikakaa miaka saba.

Kwenye tamthilia kuuguza ni sini moja tu, mama kitandani kafunikwa shuka safi, mtoto kashika bakuli, basi. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza unamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo anaota vidonda mgongoni na kwenye makalio, na kile kidonda kikishaanza kukiponya ni miezi. Uji unaufanya mzito kidogo na yeye unamkalisha, ukimpa amelala unaingia njia ya hewa. Nilikuwa naweka alamu ya simu, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Mpaka leo saa nane za usiku naamka mwenyewe, nakaa kitandani, hakuna wa kumgeuza.

Na mama, Mungu amrehemu, nikiwa namwogesha alikuwa anamsifia mdogo wangu. Maneno anayatafuta kwa shida, mdomo umeenda upande, akiyapata ni hayo, "Mwanangu kanitumia hela." Na kweli alikuwa anatuma, tena anatuma na ya kutolea, sitamnyima haki yake. Lakini hebu kaeni na hiyo picha kidogo. Mkono wangu upo mgongoni kwake na sabuni, na anayetajwa ni aliyeko ng'ambo. Hapo ndo kinyongo kinazaliwa ndugu zangu. Hakijatoka kwa mganga, hakijatoka kwenye tamaa ya nyumba, wala hakuna haja ya kutusubirisha mpaka episodi ya themanini ndo mtuambie kumbe mmoja wao si mtoto wa baba, kumbe walibadilishwa hospitali, kumbe ana pacha. Watoto wa tumbo moja, ziwa moja, wanatosha kabisa kuwekeana vinyongo na huku wanapendana na huku mmoja akiumwa mwenzie halali. Hiyo ndo hadithi yenyewe na nyie kila mkiikaribia mnaikimbia.

Najua mtasema watazamaji wanataka mambo makubwa. Tumelelewa na hizo za kutafsiriwa, za Mexico, za Ufilipino, sasa hivi za Uturuki, ambazo huko kwao episodi moja inapita saa mbili na huku zinakatwakatwa vipande, kwa hiyo wenzenu wana muda wa kutosha wa familia nzima kukaa mezani kutazamana. Sawa. Mimi sisemi muwe wapole. Mayowe nayapenda, kibao nakipenda, mtu kuzimia nakipenda, mnaweza kuviweka vyote. Nasema mtuonyeshe kilipotoka.

Mbona hadithi za zamani zilijua. Habari ya Nabii Yusuf, tumeisoma madrasa na wenzetu wameisoma kanisani, wale kaka zake walimtupa kisimani, ni ubaya hakuna wa kuutetea, lakini hadithi haianzii kisimani. Inaanzia kwa baba anayempenda mmoja kuliko wengine na wengine wanaona. Na wenzetu Wakristo wana ile ya mwana mpotevu, mteja wangu mmoja wa Keko ndo alinisimulia akiwa anasubiri sketi yake, yule mdogo aliyekula mali akarudi akachinjiwa ndama, na kaka mtu aliyekuwa shambani siku zote akasikia ngoma akakataa kuingia ndani. Akamwambia baba yake miaka yote nimekutumikia na hata mwanambuzi hukunipa nifurahi na rafiki zangu. Mimi nilisimamisha mashine. Nikamuuliza, ikawaje, baba alimfukuza? Akasema hapana, baba alitoka nje akamfuata. Jamani, alitoka nje akaacha sherehe akaenda kumbembeleza yule aliyebaki. Kwenye tamthilia zenu sijawahi kuona mtu anatoka nje kumfuata yule dada. Akitoka kwa hasira kamera inabaki ndani na steringi.

Mama alifariki 2019. Tulizika siku hiyo hiyo alasiri, mdogo wangu akafika kesho yake usiku. Watu wote walisimama, wakampokea mlangoni, pole sana mama, umetoka mbali, akalia pale kizingitini mpaka akabebwa. Na alikuwa na haki ya kulia, hakumuona mama yake. Mimi nilikuwa uwani na kina mama nakoroga chai ya msiba. Hakuna aliyeninyima pole makusudi, ila mtu wa ndani hapewi pole, anaulizwa sukari iko wapi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kwenye tamthilia zenu fimbo ya mbali ndo inayoua, alafu nyoka ni mimi.

Na hapa kwenye urithi ndo mnanimaliza kabisa. Kila siku wakili kaingia na suti na bahasha, anasoma wosia, nyumba yote kwa fulani, mtu anaanguka. Tena familia yenyewe mmeivalisha kanzu na baibui, ya Kiislamu kabisa, ambapo wasia hauzidi theluthi na mafungu ya watoto yanajulikana toka mzazi yupo hai, wa kiume mawili wa kike moja. Hakuna bahasha. Kuna kikao cha ukoo, kuna muhtasari wa kikao, cheti cha kifo, mnaenda mahakama ya mwanzo, anateuliwa msimamizi wa mirathi, na msimamizi sio mmiliki, ana miezi minne ya kurudisha mahakamani fomu ya mali na madeni asipoongezewa muda. Na kwa familia zinazofuata mila kuna tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 linalomuweka mtoto wa kike daraja la tatu kwenye kurithi, mpaka leo linawatoa watu machozi. Mnaona hapo kuna misimu mingapi ya tamthilia? Nani awe msimamizi, kwa nini yeye, kaandika nini kwenye fomu, kodi ya wapangaji inaingia kwa nani, LUKU ya vyumba vya uwani ananunua nani. Temeke tuna kituo jumuishi cha mahakama cha mambo ya familia toka 2021, waandishi nendeni asubuhi moja tu mkakae nje pale mkaangalie ndugu walivyokaa, mmoja kona ile mwingine kona hii, wamevaa vizuri, wanafanana pua.

Kwetu kaka ndo aliteuliwa. Yeye nusu, mimi robo, mdogo wangu robo. Mgao wa dini siupingi hata kidogo, na nilisaini. Nilichokuwa nakitafuta kwenye ile fomu nilikuwa hata sikijui, nimekuja kukijua baadaye. Fomu haina kisanduku cha miaka saba.

Alafu kuna jambo moja nataka mje mlipige picha kabisa. Mnapita Magomeni, Kinondoni, Temeke, mnaona kwenye kuta za nyumba yale maandishi ya rangi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI, na namba ya simu. Wageni wa jiji wanadhani ni vita na madalali. Mara nyingi ni ndugu. Mwaka juzi nilikuwa nimekaa ndani nakata kitambaa nikasikia kitu kinakwaruza ukutani, shaa, shaa, taratibu, nikadhani ni paka. Kutoka nakuta kijana na kopo la rangi anamalizia herufi. Namuuliza nani kakutuma, akanionyesha simu, kaka yupo laivu kutoka Mwanza anamuelekeza, panda juu kidogo, hapo hapo. Namba iliyoandikwa ni ya kaka. Mimi naishi humo ndani, mama kafia mikononi kwangu chumba cha pili kutoka hapo, na tangazo la kwamba nyumba haiuzwi limewekwa ili nisiiuze mimi. Wala hakuniambia neno baya, alinisalimia vizuri, "Mdogo wangu hujambo, ni kwa usalama wetu sote." Nikasema sawa kaka. Nikaingia ndani nikaendelea kukata, na kile kitambaa nilikikosea, nikamlipa mteja.

Kwenye sini hiyo hakuna sumu wala mganga wala bastola. Brashi tu na ukuta. Niambieni kama mtu atanyanyuka kwenda kuangalia mboga.

Nawaandikia nyie kwa sababu najua mnachorusha kinaingia kwenye nyumba za watu kikabaki. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianzisha mchezo wa Twende na Wakati, nilikuwa mtoto, mama na majirani walikuwa wanakusanyika kwenye redio moja na yule dereva wa lori, Mkwaju, walikuwa wanamtukana kama shemeji yao. Ule mchezo Dodoma waliuchelewesha makusudi miaka miwili, mpaka 1995, ili walinganishe, na sehemu zilizousikia watu waliongezeka kwenye kufuata uzazi wa mpango. Mchezo wa kuigiza! Sasa kama maigizo ya redio yaliwafanya mke na mume wakakaa wakaongea, je hizi zenu zenye picha na rangi, zinazorudiwa asubuhi na mchana na wikiendi zote kwa mkupuo, zikiwaambia watu kila siku kwamba mtoto aliyebaki na mzazi anamuua taratibu, mnadhani shangazi yangu aliokota wapi yale maneno?

Bodi, siwaombi mfungie kitu. Mkifungia watahamia kwingine na yule dada atahama nao. Naomba mnapokaa na hawa waandishi, kwenye semina zenu na tuzo zenu, muwaulize swali hilo moja, huyu alianza kuchukia siku gani. Na wakuu wa vituo, mkiletewa skripti ya familia angalieni kama kuna hata sini moja ya kikao kile ambacho hakikufanyika, cha nani anabaki na mzee. Msikubali mtu aumbwe na roho mbaya toka episodi ya kwanza kama amezaliwa nayo. Na toba ya kitandani, mtu anakata roho ndo anasema nisameheni, punguzeni. Sisi wengine tunaishi, kesho tunaonana kwenye harusi ya binamu, tunavaa sare moja, mimi ndo nimezishona.

Na nisiwafiche, mimi si malaika na sitaki mniandike malaika, itakuwa uongo ule ule mmeugeuza tu upande wa pili.

Mdogo wangu alikuwa anapiga simu ya video Jumapili, kwao asubuhi kwetu jioni. Mwanzoni nilikuwa nampelekea mama, namshikia simu, namfuta mate ili aonekane vizuri. Mwaka wa nne kwenda wa tano nikaanza kusema mama amelala. Mama yupo macho, ananiangalia, na mimi nimesimama koridoni nasema kwa upole kabisa, "Amelala mdogo wangu, leo alichoka, piga wiki ijayo." Nilikuwa nataka awe wangu siku hiyo moja tu. Nilikuwa nataka hata hiyo Jumapili sifa zisiende kokote. Nikirudi chumbani mama alikuwa hasemi kitu, alikuwa ananyoosha ule mkono mzima anashika kanga yangu.

Hiyo sikumwambia mtu miaka yote. Ilipotoka tamthilia yenu, wakanipa lile jina, nililala siku tatu nawaza, labda ni kweli, labda dawa kwenye uji na hii ni kitu kimoja. Idi iliyopita mdogo wangu akapiga, tukasalimiana, watoto hawajambo, tukakaa kimya kama tunavyokaaga siku hizi, alafu nikajikuta nimesema. Nikamwambia zile Jumapili, nyingine mama alikuwa hajalala.

Akanyamaza mpaka nikadhani bando limeisha.

Akasema, "Nilikuwa najua dada. Nilikuwa namsikia anakohoa."

Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Ningesema nini, wewe ndo ulikuwa naye." Alafu akalia, na mimi nikalia, na hakuna aliyemuomba mwenzie msamaha, na simu hatukukata, tulikaa hivyo mpaka chaji yangu ikaisha.

Ichukueni hiyo. Sitaki hela wala jina langu kuandikwa mwishoni. Nitakuwa kwenye mashine, dirisha wazi.